Mahindi Yaliyolala Sakafuni

Ipo siku moja ambayo hunijia kwa harufu kabla haijanijia kwa sura. Ilikuwa saa saba mchana, msimu wa korosho umepamba moto. Nilitoka bandarini na vumbi la magunia mpaka kwenye nyusi, nikafika nyumbani nikitamani maji ya kuoga tu, nikamkuta mama mkwe wangu amekaa kwenye mlango wa stoo yangu. Hakukaa pembeni. Alikaa katikati ya kizingiti, miguu ameinyoosha, na alinitazama usoni.

Mwanangu, ninyi wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmeshikana mabega, kwa hiyo huwezi kujua nilivyoshtuka. Kwetu sisi mkwe wa kike hatazamwi. Mama mkwe wangu, mama yake bibi yako Hadija, alikuwa akinisikia nakohoa uani anajifunika kanga na kuingia ndani. Akiwa na neno na mimi alimwambia binti yake, nami nikamjibu binti yake, hata kama tulikuwa tumetenganishwa na ukuta wa makuti na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Tulikuwa tumekwenda hivyo miaka mitatu bila kukosea. Sasa leo amenikazia macho, mchana kweupe, na mlango ni wangu.

Kabla sijaendelea, jua kwamba nakuita mwanangu kwa makusudi. Najua wewe ni mjukuu. Lakini mjukuu na babu yake ni watani, na leo siko kwenye utani. Na nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikikupigia simu utasema "sawa babu, sawa babu" halafu mtandao utakatika, kama unavyokatikaga kila ninapoanza kukushauri.

Turudi nyuma kidogo. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, karani wa ghala bandarini, na kazi yangu naijua. Hilo nalisema bila aibu. Aliyenifundisha ni mzee mmoja kutoka Songea, tukimwita Mzee Mapunda, mtu mkali ambaye hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri hata siku moja. Alinifundisha kwamba gunia la korosho haliwekwi chini. Linawekwa juu ya chaga za mbao ili hewa ipite chini yake. Halisogezwi mpaka likagusa ukuta. Unaacha nafasi mtu apite ubavu, maana ukuta unatoa unyevu na gunia linaunyonya. Asubuhi kukiwa kukavu unafungua madirisha, mvua ikija unafunga. Na kila siku unaingiza mkono katikati ya rundo. Ukisikia joto, kuna kitu kinaharibika humo ndani. Nilikuwa nikimkuta kibarua ameegemeza gunia ukutani namtolea maneno mpaka jasho linamtoka.

Hiyo ilikuwa bandarini. Nyumbani nilikuwa mtu mwingine.

Mwaka ule mimi na bibi yako tulilima mahindi bondeni, upande wa Kilambo, karibu na kijiji cha wakwe. Ruvuma ilitutendea wema, shamba likazaa. Lakini mahindi hayajakauka sawasawa, nikapata habari kwamba kuna lori linarudi mjini tupu na dereva yuko tayari kunibebea. Mama mkwe akamtuma binti yake aniambie nisubiri wiki mbili, mahindi yakauke, au niyaache kwake ayapandishe kwenye uchaga wake juu ya meko, aje anipe taratibu. Mimi nilicheka. Uchaga wake niliufahamu, mweusi kwa masizi, na mahindi yake yananuka moshi mpaka ugali wake ukiula unadhani umelala jikoni. Nilimjibu kupitia kwa mke wangu: mwambie mama mimi nina stoo ya sementi.

Na kweli nilikuwa nayo. Ilikuwa fahari yangu. Chumba cha nyuma, sakafu imepigwa sementi laini, bati jipya, dirisha dogo nililolizibisha kwa tofali ili panya na wezi wasipate njia. Nikavuna haraka haraka, tukapukuchua, tukaanika siku mbili kwenye turubai, siku ya pili yenyewe ilikuwa na mawingu. Nikajaza magunia sita, tena yale ya plastiki kwa sababu yalikuwa mapya na yanapendeza. Nikayalaza sakafuni, nikayasukuma mpaka ukutani ili nafasi itoshe kuweka baiskeli. Nikafunga mlango kwa kufuli kubwa. Karani wa ghala mzima, mwanangu, korosho za watu nimezipandisha kwenye chaga, chakula cha mtoto wangu nimekilaza chini.

Ukiniuliza leo kwa nini, nitakwambia ukweli. Korosho zilikuwa mali. Mahindi yalikuwa chakula tu. Sisi watu wa huku tulishazoea hivyo. Korosho ikinyeshewa nyumba nzima inatoka mbio, mahindi yakinyeshewa tunasema yatakauka. Na karanga ndiyo usiseme, tunachambua zile nzuri za kuuza, zilizosinyaa na zenye ukungu tunasaga za mboga ya nyumbani. Hakuna aliyetufundisha hivyo kwa mdomo. Tumekua tunaona.

Mwezi wa nane bibi yako alifungua gunia la tatu akaniita. Mahindi ya juu yalikuwa mazuri. Akaingiza mkono ndani akautoa haraka, akasema pana joto. Tukamwaga. Yale ya chini na yale yaliyokuwa upande wa ukuta yalikuwa yameshikana mabonge, na juu yake unga wa rangi ya kijani na kijivu. Bibi yako alinitazama, akasema, "Baba Somoe, haya si ya kutupa?"

Nilimwambia asiwe mwoga. Tukapepeta, tukaosha kwa maji mengi, tukayaanika juani siku tatu. Yakarudi kuwa meupe, huwezi kujua. Tukayapeleka mashineni. Sisi wakubwa tulikoboa, tukala sembe. Pumba tukawapa bata. Na mama yako, Somoe, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na miezi na ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, tulimsagia dona yake mwenyewe, bila kukoboa, apate nguvu. Tulimpa kilicho bora kwa hesabu zetu. Uji wa asubuhi, uji wa jioni.

Bata walitangulia. Tulikuwa na vifaranga kumi na moja, vikaanza kuzubaa, vinaanguka upande, vikafa kimoja kimoja mpaka vikabaki viwili. Nikasema ni ugonjwa, bata wana magonjwa. Mama yako naye akaanza kukataa kula. Kliniki wakampima, mstari kwenye kadi yake ukawa umelala. Mwezi wa tisa umelala, mwezi wa kumi umeshuka. Tumbo likamjaa, mikono ikawa myembamba, akawa mtoto wa kulialia tu. Tulimpa dawa za minyoo. Tulimpa dawa za homa. Bibi yako alikuwa akimshika mkono usiku na kuupima kwa vidole vyake, na mimi najifanya sioni. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Habari zikafika Kilambo kwamba mjukuu hakui. Mama mkwe akapanda gari la abiria akaja, hakutuma neno. Nilikuwa kazini. Alifika asubuhi, akamchukua mtoto akamweka mapajani, akaomba aonje uji wake. Akaonja, akakiweka kikombe chini. Akauliza bata wako wapi, akaambiwa vifaranga wamekufa karibu wote, akauliza walikuwa wanakula nini. Kisha akaomba ufunguo wa stoo.

Ndipo nikamkuta pale kizingitini.

"Baba Somoe," alisema, na sauti yake sikuwahi kuisikia ikija moja kwa moja kwangu. "Leo hapa sina nkwe. Nina njukuu. Kwa hiyo utanisamehe."

Mimi nikainama, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo utie nkono hapa."

Alikuwa amekwisha buruta gunia moja mpaka mlangoni, mwanamke wa umri ule. Nikaingiza mkono. Joto. Na ile harufu, ya nguo mbichi iliyosahaulika kwenye beseni, ikatoka yote kwa pamoja. Mkono ule ule uliokuwa unapima magunia ya korosho kila siku asubuhi, haukuwa umeingia kwenye gunia langu hata mara moja.

Nikajitetea. Nikasema, "Lakini mama, yale tunayokula tumeyaosha. Tumeyaanika. Na uji unachemka vizuri."

"Mmeyaosha yakapendeza macho," akasema. "Tumbo la ntoto halina macho. Sisi kule ukungu ukiingia kwenye mahindi hatuoshi, tunatupa. Nimezika bata wengi mimi kabla ya kujua. Sitaki kuzika njukuu."

Alipotaja kuzika, bibi yako alianza kulia kule jikoni. Mimi nilisimama na mkono wangu wenye vumbi la kijani. Aibu niliyoisikia pale sikuisikia tena maisha yangu yote.

Basi nikayatoa magunia yaliyobaki, moja baada ya jingine, nikayaweka uani. Majirani wakaanza kuchungulia, maana mtu akitoa chakula nje watu wanataka kujua. Akaja Mama Chiku, jirani yetu mfuga kuku, mtu mwema kabisa. Akashika mahindi kiganjani, akasema, "Baba Somoe, ukiyatupa utapata dhambi. Nigaie mimi, kuku hawachagui." Nyuma yake mwingine akasema kama kuku hawatayamaliza yeye anayataka ya kupikia pombe.

Nitakuambia jambo ambalo sijivunii. Nilifarijika. Nilishanyanyua gunia kumpa Mama Chiku, nikaona angalau jasho langu halipotei na mimi nitaonekana mkarimu. Mama mkwe hakusimama. Aliuliza tu, kwa upole, akiwa amemgeukia Mama Chiku na wala si mimi, "Mwanangu, hao kuku mayai yao anakula nani?"

Mama Chiku akajibu, "Watoto."

Mama Chiku aliyarudisha mahindi kwenye gunia, akaenda kwake, akarudi na jembe. Tulichimba shimo kule nyuma ya choo, yeye na mimi, tukazika magunia yote pamoja na ule unga uliokuwa umebaki kwenye debe. Nilipofukia nilikuwa nawaza tutakula nini mpaka mavuno. Shamba zima lilikuwa mle shimoni.

Tulikula mahindi ya uchagani. Mama mkwe alirudi kwake, na wiki ile ile yakaja kwa lori, meusi kwa masizi, makavu kiasi kwamba ukiuma punje inalia. Nilikula ugali ule unaonuka moshi miezi mitano, na maneno yangu ya stoo ya sementi nikayameza pamoja nao. Mama yako alikunywa uji wa mahindi yale. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mwezi wa pili alianza kugombania kikombe. Mwezi wa nne yule nesi wa kliniki alichora mstari unaopanda, akaizungusha kadi ili na sisi tuuone. Sitakuapia kwamba ni mahindi peke yake yaliyomwangusha, daktari hakusema hivyo, na mtoto ana mengi ya kumwangusha. Ninachojua ni tulichoacha kumpa na kilichotokea baada ya kuacha.

Mama mkwe hakunitazama tena usoni mpaka anafariki. Kesho yake tu asubuhi nilikohoa uani, akajifunika kanga, akaingia ndani. Nilitamani kumshukuru nikashindwa, desturi ilikuwa imesharudi mahali pake. Nikatengeneza chaga za mbao, nikazibomoa zile tofali za dirishani, nikamwambia bibi yako amwambie mama yake kwamba stoo imepata hewa. Jibu likaja kupitia ukutani: mwambie nimesikia.

Siku hizi hao wataalamu wa kilimo wamekipa kitu kile jina, wanakiita sumukuvu. Nilipokwenda kuwasikiliza, mzee mzima na daftari, walieleza yale yale ya mama mkwe na ya Mzee Mapunda, ila wao wanajua na sababu. Ukungu unapenda joto na unyevu, na huku kwetu pwani vyote viwili tunavyo bure. Ukiota kwenye punje unaacha sumu ndani, na sumu hiyo haioshwi, haikauki juani, haifi kwa kuchemshwa, na kwa macho huioni. Nyingi inakaa kwenye ganda, ndiyo maana bata wetu wa pumba walikwenda kwanza na mtoto wa dona akafuatia. Mtu akiila kidogo kidogo inamharibu ini kwa miaka. Mtoto inamzuia kukua.

Kwa hiyo nisikilize. Usivune kwa sababu lori limepatikana. Vuna kilichokauka, na ukianika usianike juu ya udongo. Ukitaka kujua kama kimekauka, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, uiache itulie kidogo. Chumvi ikigandia kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Ukisikia mtu anasifu ile mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa, ni mizuri, mimi mwenyewe ninayo, lakini ukiitia mahindi mabichi umeyafungia na adui wao ndani. Chambua, na ulichokichambua kibaya usikihamishie kwenye chungu cha nyumbani, wala kwa kuku, wala kwa mpika pombe, wala kwa jirani unayemtakia mema. Wala usione haya kutupa. Mimi nimetupa shamba zima na niko hapa nakuandikia.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikae chini kuandika. Jumapili ile uliyotualika Chikongola kwenye dua ya nyumba yako, ulinizungusha vyumba vyote, na mwisho ukanionyesha stoo. Ni nzuri, mwanangu. Ina vigae. Uliniambia panya hawezi kuingia, na nikakuamini, maana hata hewa haiwezi. Ulipoitwa kwenda kupokea wageni mimi nilibaki nyuma kidogo. Mkono wa karani wa ghala haustaafu. Niliuingiza kwenye gunia la chini, lile lililogusa ukuta, na lilikuwa na joto.

Sikusema mbele ya watu siku ya furaha yako. Nilitoka nikakuta mkeo amempakata mwanao Hamza sebuleni, miezi saba, anamnywesha uji, na yeye amefungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Nikaketi nikala pilau yako. Nilishindwa kuimaliza, ukadhani ni uzee.

Karatasi hii mama yako ataileta mwenyewe. Ukimaliza kuisoma usiniandikie, usinipigie. Nenda kayatoe yale magunia uani, na uji wa Hamza umwagwe leo. Mahindi yangu yapo, makavu, nimeshamwambia mama yako akupe debe mbili za kuanzia. Kesho asubuhi nitapanda bajaji nije. Usinitandikie mkeka sebuleni. Nikikuta hayajatoka nitakaa kwenye kizingiti cha stoo yako, miguu nimeinyoosha, na nitakutazama usoni.

Mwenyezi Mungu aipe hewa nyumba yako na akupe mkono mwepesi wa kutupa kibaya. Amkuze Hamza mpaka azeeke kuliko mimi, na kila anachokitia mdomoni kiwe kheri kwake. Amina.